Magimbi kwa Mkono wa Kulia

Kwa miezi mitatu nilijifundisha kula upya, kama mtoto anayeachishwa ziwa, kwa ajili ya mwanamume mmoja.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mpishi katika jiko la shule ya msingi kwenye mji wetu wa pwani ya Wakasa, Japani, na tangu nipate akili nilikuwa nikishika vijiti vya kulia kwa mkono wa kushoto. Marehemu baba yangu, aliyekuwa na kibanda cha tambi karibu na stesheni, hakuliona hilo kuwa kosa. "Tumbo haliulizi chakula kimepitia mkono gani," aliwaambia wateja waliomshangaa, nao wakacheka, wakaendelea kunywa mchuzi wao. Hivyo nikakua bila kujua kwamba mkono wangu ungekuja kuwa kesi.

Kisha nikampenda Kiyoharu.

Kiyoharu Nakagaki alikuwa mwana pekee wa nyumba iliyotengeneza vijiti kwa vizazi vitano. Alipaka utomvu mweusi wa mti tabaka juu ya tabaka, akitia vipande vya kombe na maganda ya mayai, kisha akasugua kwa siku nyingi mpaka vimulimuli vikatokeza ndani ya ule weusi. Alikuja shuleni siku moja kuleta vijiti vya watoto. Nikamtilia chai. Alipokuwa akikipokea kikombe nikaona kucha zake zilivyokuwa nyeusi, naye akaona nimeona, akazificha chini ya meza. Nafikiri nilimpenda kwa kile kitendo cha kuficha. Ningekuwa na busara, ningejiuliza anaficha nini kingine.

Miaka minne tulipendana hivyo, tukikutana Jumamosi mchana, tukila pamoja chumbani kwangu, mimi nikinyoosha kushoto na yeye kulia, viwiko vyetu vikigongana tukacheka. Mwezi wa Septemba, tukiwa ndani ya gari lake mbele ya ghala la mchele, akasema:

"Wazazi wanataka kukuona. Jumapili ya kwanza ya Desemba. Chakula cha mchana, nyumbani."

Miaka minne nilikuwa nikiisubiri sentensi ile.

"Ila kuna jambo," akaongeza.

"Jambo gani?"

"Mkono wako."

"Mkono wangu umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Ni mama. Unajua dukani kwetu, mke wa nyumba ndiye anayesimama mbele ya wageni kuwaonyesha namna ya kushika vijiti. Mama ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane. Akikuona unakula kwa kushoto, hatakubali. Namjua mama."

"Kwa hiyo?"

"Siku moja tu, Misao. Mchana mmoja tu, tumia wa kulia."

"Na baada ya huo mchana mmoja?"

Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akauweka shavuni kwake. "Baada ya hapo utakuwa mke wangu," akasema.

Mtu aliyependa ana masikio ya ajabu. Nilisikia lile neno "mke", sikusikia kwamba swali langu halikujibiwa.

Basi nikaanza. Kila siku baada ya kuosha masufuria ya shule nilikaa kwenye kona ya jiko na visahani viwili, nikihamisha maharage ya soya punje moja moja kwa mkono wa kulia. Dada Yasue, mjane wa miaka sitini ambaye tulipika naye, alinitazama huku akifuta meza.

"Huyo bwana ana mikono mingapi ya kukupa, hata akunyang'anye mmoja?"

"Dada Yasue, niache."

"Sikuachi. Mume wangu marehemu aliwahi kuniambia natafuna kwa kelele. Nikamwambia, sawa, mpishi na atafune kimya kimya nyumbani kwao, wewe utafune njaa. Hakusema tena mpaka anakufa."

Nilicheka hadi maharage yakamwagika. Nilipofika kwenye magimbi, kicheko kikaisha. Gimbi lililopikwa taratibu kwenye mchuzi linateleza kama sabuni, na kulichoma kwa ncha ya kijiti ni aibu ambayo hata watoto wa darasa la kwanza hukemewa. Nililibana, likachomoka, likavuka jiko zima na kuingia chini ya jokofu.

"Limekimbia hilo!" Dada Yasue akapiga makofi. "Hata gimbi limejua hii ndoa haina amani."

Wiki ya kumi nilianza kuweza. Usiku vidole viliniuma, lakini niliweza. Nilimwambia Kiyoharu, akafurahi sana, akanibeba akanizungusha. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Jumapili ile ilinyesha mvua iliyochanganyika na theluji. Nilivaa nguo ya kijivu ya marehemu mama yangu. Mzee Eikichi, baba yake Kiyoharu, alikuwa amekwisha kukaa mahali pa heshima, mgongo umenyooka, macho yakiwa kwenye bustani. Masinia manne yalikuwa yamepangwa juu ya mkeka: wali kushoto, supu ya kombe kulia, kibua mzima wa kuchoma, magimbi, na achari ya figili. Sinia la nne lilikuwa karibu kabisa na mlango wa jikoni. Mama yake, Bi Tomie, aliingia amevaa aproni, akaniinamia, akaweka birika, akatoka. Uso wake ulikuwa mwembamba na mtulivu, na sikuona ndani yake ule ukali niliokuwa nimeuogopa kwa miezi mitatu.

"Napokea," akasema Mzee Eikichi, lile neno la kuanzia chakula, kama mtu anayefunga mlango.

"Napokea," tukasema mimi na Kiyoharu, viganja vimekutana.

Nilisita. Bi Tomie alikuwa bado jikoni, maji yakisikika. Lakini Mzee alikwisha kuinua bakuli, na Kiyoharu akanikonyeza: kula. Nikainua vijiti vyangu kwa mikono miwili kama inavyopasa, nikavipitisha kwenye mkono wa kulia, nikashika bakuli kwa wa kushoto.

Nilikula vizuri, sitaona haya kujisifu. Sikutangatanga na vijiti juu ya vyombo nikichagua. Nilianza na supu, kisha wali, kisha samaki. Nilimla kibua kuanzia kichwani kwenda mkiani, nikauinua mfupa wa mgongo mzima mzima nikauweka pembeni, nikaendelea na upande wa chini bila kumgeuza. Kiyoharu alinitazama kwa chati, na kila nilipomeza aliteremsha pumzi kana kwamba koo lilikuwa lake.

"Kula na magimbi, binti," Mzee Eikichi akasema. "Hayo ndiyo sifa ya nyumba hii."

La kwanza liliponyoka, likarudi bakulini. Nikasikia joto la aibu masikioni. Nikalikamata kwa upole, kama nilivyojifundisha, bila kulibana. Likafika mdomoni. La pili. La tatu. Nikainua macho kumtazama Kiyoharu, naye akatabasamu waziwazi, na kwa muda mfupi ule niliona maisha yetu yote: watoto, duka, sisi wawili tumezeeka.

"Miezi mingapi?" Mzee akauliza.

"Samahani, Mzee?"

"Umejifundisha miezi mingapi? Unakula kwa bega, binti, huli kwa mkono."

Nikamtazama Kiyoharu. Alikuwa akitoa mwiba kwenye samaki wake kwa uangalifu mkubwa.

"Huyu ameniambia tangu mwanzo kwamba wewe ni wa kushoto," Mzee akaendelea, sauti yake haikupanda hata kidogo. "Baba yako hakukurekebisha. Muuza tambi, nasikia. Nikamwambia mwanangu: mlete, nione kama anapindika. Basi, nimeona. Unapindika vizuri sana."

"Baba," akasema Kiyoharu.

"Mti unaopindika unafaa kwa kikapu. Sisi hapa tunatengeneza vijiti."

Nilisubiri. Nilimpa Kiyoharu muda wote ambao mtu anaweza kumpa mtu. Akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea na ule mwiba.

"Chai!" Mzee akaita kuelekea jikoni, kisha akaghairi, akainuka. "Italetwa karakanani. Kiyo, twende ukaone ile oda ya mwaka mpya."

"Nakuja sasa hivi," Kiyoharu akaninong'oneza. Akainuka akamfuata. Hakuna hata mmoja aliyesema lile neno la mwisho wa chakula. Nilibaki na masinia matatu yaliyoliwa na moja ambalo hakuna aliyeligusa.

Niliweka vijiti vyangu mahali pake, nikaunganisha viganja. "Nimekirimiwa," nikasema, nikiliambia sinia. Kisha nikakusanya vyombo nikavipeleka jikoni, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa.

Bi Tomie alikuwa amesimama mbele ya bomba.

"Mama, nimekirimiwa," nikasema. "Chakula kilikuwa kitamu mno."

Akageuka. Kila mpishi anajua jibu la neno lile, linatoka lenyewe kama chafya. Lakini yeye alitafuta, kama mtu anayefungua droo moja baada ya nyingine.

"Ah… ki… kilikuwa kidogo tu," hatimaye akasema. Akafuta mikono yake iliyokuwa tayari mikavu. "Mkono unakuuma?"

"Kidogo, mama."

"Umekula nusu. Keti." Akavuta kigoda kilichokuwa chini ya dirisha, akanipakulia wali na magimbi. "Sasa kula kwa mkono wako."

"Mama hutakasirika?"

"Nikasirikie nini?"

"Kiyoharu alisema… alisema wewe ndiye usiyetaka mtu wa kushoto."

Akafunga bomba. Nikasikia theluji ikiteleza kwenye paa.

"Kiyoharu alisema mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimejua leo. Nilichungulia mlangoni nikakuona umeshika vijiti kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe." Akakaa juu ya pipa la mchele, magoti yetu karibu yagusane. "Mwanangu si mtu mbaya. Hajawahi kunipandishia sauti. Ila tangu mdogo, kukiwa na hapana ya kusemwa, huisema kwa mdomo wangu. Nilimdekeza. Nilifikiri atakua."

Nilikuwa nimeshika vijiti kwa kushoto sasa, na gimbi lilipanda bila tabu yoyote, na hilo ndilo lililoniliza. Nilitafuna nikilia. Bi Tomie hakunibembeleza. Alisubiri nimeze.

"Hicho kigoda ulichokalia," akasema, "mama mkwe wangu alikikalia. Kisha nikapewa mimi. Wanaume wakimaliza, ndipo nala, nikitazama bomba hili. Sinia langu huwa linawekwa kule mkekani kwa ajili ya wageni, lionekane. Miaka thelathini na minane. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa mezani kwangu ananiambia amekirimiwa. Umeona nilivyobabaika?"

"Mama, mimi sijali kigoda. Nampenda."

"Najua. Nimeona ulivyomla yule samaki." Akanishika kiganja cha kulia, akaanza kukikanda kwa vidole gumba vyake, kidole kwa kidole. "Ningetaka sana uwe mkwe wangu, Misao. Ndiyo maana nakwambia usije."

Kiyoharu alinirudisha kwa gari. Vifuta kioo vilikwenda, vikarudi. Tulipofika mbele ya ghala la mchele nikamwambia asimamishe.

"Kwa nini ulisema ni mama?"

Akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Ilikuwa rahisi zaidi."

"Rahisi kwa nani?"

"Ungemchukia baba, Misao. Ungemchukia kabla ya kuingia."

"Kwa hiyo nimchukie mama yako, ambaye hakuniambia neno? Miezi mitatu, Kiyo! Miezi mitatu nimemwogopa mwanamke ambaye leo amenikanda vidole!"

"Nisamehe."

"Alipokuwa akimtukana marehemu baba yangu ulikuwa unatoa mwiba."

"Nisamehe." Alikuwa analia sasa, na mimi, Mungu wangu, nilitaka kumfuta machozi. Huo ndio unyonge wangu. Nikayafuta.

Kisha nikamwambia lile lililokuwa moyoni. Shangazi yangu ana mgahawa Kyoto, anatafuta mpishi, na juu ya mgahawa kuna chumba. Fundi wa utomvu mwenye mikono kama yake hakosi kazi Kyoto. Jumapili ijayo, treni ya saa nne na nusu asubuhi.

"Sikuombi umkane mtu," nikasema. "Nakuomba upande treni tu."

Alinitazama, macho yake mekundu, mazuri. "Nitakuja," akasema. "Safari hii nitakuja. Niamini."

Nilimwamini. Niliacha kazi, nikakabidhi funguo za chumba. Dada Yasue alinifungia achari ya aina tatu, akanikumbatia jikoni mbele ya watu wote, jambo ambalo hatuna desturi nalo. "Akija, mpige kofi moja kwa niaba yangu," akasema. "Asipokuja, usirudi hapa kumsubiri."

Jumapili nilifika stesheni saa nne kasoro. Nikamkuta amekwisha kufika.

Moyo wangu uliruka, ukweli wa Mungu. Alikuwa amesimama chini ya saa, theluji mabegani, ameshika kwa mikono miwili kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Nilikimbia na begi langu likinigonga mguu. Nilimfikia nikicheka, ndipo nikatazama chini, pembeni yake, nyuma yake.

"Begi lako liko wapi?"

"Mama amekupikia," akasema.

"Nimekuuliza begi, Kiyo."

Akatazama reli. "Oda ya mwaka mpya ni kubwa. Baba peke yake hataweza. Nikimwacha wiki hii, nyumba itaaibika kwa wateja wote. Nipe mpaka Machi. Machi nakuja, naapa."

"Ulimwambia mama kwamba huji?"

"Hapana! Jana nilimwambia naondoka na wewe. Nilimwambia kweli, Misao, na nilikuwa na nia. Nilikuwa na nia mpaka leo asubuhi. Hakusema kitu. Aliamka saa kumi na moja akaanza kupika."

Nikakipokea kifurushi. Nimepika miaka kumi na mmoja. Mkono wangu unajua uzito wa chakula kabla jicho halijaona. Nilisimama nimekishika, na baridi iliyoniingia haikutoka kwenye theluji.

"Alipokupa, alisemaje?"

"Alisema, mpelekee Misao."

"Basi?"

"Basi."

"Na wewe hukumuuliza chako kiko wapi?"

Hakunielewa. Akakitazama kile kifurushi kidogo mikononi mwangu, kisanduku kimoja, cha mtu mmoja. Kisha nikaona anaelewa. Lilimpata taratibu, kutoka machoni kushuka mdomoni, na uso wake ukawa wa mtoto aliyeshikwa. Mama yake alikuwa amemjua saa kumi na moja alfajiri, wakati yeye mwenyewe bado anaamini ana nia.

"Misao…"

Treni iliingia. Milango ikafunguka. Haikuwa mbali, hatua nne, na tiketi yake ilikuwa mfukoni mwangu, nimeinunua tangu Jumatatu. Nikaitoa nikamnyooshea. Mkono wake uliinuka nusu. Naapa uliinuka. Kisha ukarudi, akaunganisha mikono yote miwili mapajani, akaniinamia, chini sana, kama wanavyowainamia wateja wanaotoka dukani kwao.

Nikapanda peke yangu.

Sikumtazama dirishani. Mlima ulipoufunika mji nikafungua kile kitambaa. Wali, magimbi, na kipande cha kibua ambacho Bi Tomie alikuwa amekitoa miiba yote, mmoja mmoja, hata ile midogo isiyoonekana. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu na mjukuu wake alinitazama nikiunganisha viganja.

"Napokea," nikasema.

"Karibu, kula mwanangu," akajibu, ingawa chakula hakikuwa chake. Nadhani aliona uso wangu. Nikala kwa mkono wa kushoto mpaka punje ya mwisho ya wali. Nilikuwa na njaa.

Baada ya mwaka mpya nilimwandikia barua mbili. Hakujibu. Shangazi alinikataza kuandika ya tatu, na mimi nikakubali, nikajiambia nimekwisha kuelewa, yamepita, mimi si msichana tena. Kila mtu pale mgahawani aliamini nimepona, maana nilipika vizuri na nilicheka na wateja.

Lakini sitawadanganya. Mwezi wa Machi ulipoingia, Jumapili zote nne, nilivaa ile nguo ya kijivu nikaenda stesheni kuu ya Kyoto. Nilisimama karibu na ngazi, mahali ambapo mtu anayeshuka kutoka treni za Wakasa hawezi kupita bila kuniona.